Doa la Shela ni la Nani?

Hoja iliyo mezani ni hii. Harusi imefanyika nje, juani na upeponi, na Jumatatu asubuhi shela jeupe limerudishwa kwa mwenyewe likiwa na pindo jeusi, mchirizi wa soda kifuani na alama za kijani magotini. Nani alipe? Jibu la haraka ni bibi harusi, kwani ndiye aliyelivaa. Nalipinga jibu hilo, na sitaki kulipinga peke yangu. Nimewaketisha pamoja watu ambao kwa kawaida kila mmoja hunung'unika kwake: mkodisha mashela, shangazi, bibi harusi, dobi, mpiga picha, mvuvi na mwenyekiti wa kamati. Sikuwapa majina, kwa kuwa ni sauti nilizozipanga mwenyewe ili hoja isikike pande zote. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi Mwanza atazitambua.

Tuanze na ardhi, maana shela huchafuliwa na ardhi kabla halijachafuliwa na mtu. Igogo ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza, imebanwa kati ya mlima na Ziwa Victoria. Chini inapita barabara ya Kenyatta kuelekea Mkuyuni na Butimba. Juu ni majabali, na katikati ya majabali zimejengwa nyumba juu ya nyumba, nyingi zikifikiwa kwa vichochoro na ngazi za mawe tu. Gari la maharusi, hata lipambwe kwa maua namna gani, linaishia barabarani. Bibi harusi anayetoka kwao mlimani anashuka kwa miguu, jiwe hadi jiwe, wapambe wamemshikia shela juu, akiruka mifereji ya maji machafu na mchanga ulioporomoshwa na mvua. Anapofika kwenye gari, harusi haijaanza na pindo limeshakutana na kila kitu. Ndiyo maana nimeuleta mjadala huu Igogo. Hapa harusi ya nje haianzii ufukweni. Inaanzia mlangoni kwa baba wa bibi harusi.

MKODISHA MASHELA: Naanza mimi, maana mali ni yangu. Shela nalinunua kwa fedha zangu, tena nyingi, nalo linazirudisha kidogo kidogo, Jumamosi kwa Jumamosi. Likirudi wiki hii linatakiwa lifuliwe, likauke, linyooshwe, libanwe au lilegezwe kwa mwili wa mwingine, litoke tena wiki ijayo. Wakati wa Kwaresima biashara inalala. Pasaka ikishapita hakuna Jumamosi ya kupoteza. Sasa harusi ya ukumbini inanirudishia shela lenye jasho na poda ya uso. Harusi ya ufukweni inanirudishia ziwa zima: mchanga ndani ya gagulo, matope kwenye mkia, wadudu waliopondeka kwenye neti. Bila kushika dhamana ya mteja ningekuwa nimeshafunga duka. Anayevaa ndiye anayesaini, na anayesaini ndiye anayelipa. Hapo pana ugumu gani?

SHANGAZI: Hapana ugumu, mama. Sisi tulifundishwa kwamba bibi harusi anatulia. Anatembea taratibu, wapambe nyuma yake, na mimi shangazi yake mbele naikagua njia. Siku hizi bibi harusi anaruka kwaito kuliko wageni! Anakumbatia kila anayekuja, anapokea watoto wenye mikono ya pilau, halafu mnashangaa shela limekuwa kama kitambaa cha meza. Usafi wa shela ni adabu ya mvaaji. Na njia tuliijua pia. Wanawake walikuwa wanatandika kanga na vitenge, mmoja baada ya mwingine, bibi harusi anapita juu yake huku vigelegele vinalia. Hakanyagi vumbi. Nani anatandika siku hizi? Mnasema mmekodi zulia jekundu, nalo lina urefu wa kutoka mlangoni hadi meza kuu basi.

BIBI HARUSI: Shikamoo shangazi. Naomba nijibu kwa heshima, lakini nijibu. Tangu asubuhi saa kumi na moja, nilipokaa kwenye kiti cha saluni, nimekuwa nikiambiwa nisichopaswa kufanya. Usile, utadondosha. Usinywe maji, utaenda chooni, na choo cha pale ufukweni sakafu yake imelowa. Usimkumbatie bibi yako, ana mafuta ya nazi. Usikae kwenye nyasi. Usicheze sana. Bwana harusi amekula chapati na supu, amekaa anapotaka, na suti yake ya rangi ya bluu haikuulizwa na mtu. Mimi nimechangiwa na watu zaidi ya mia ili nifurahi nao, halafu kazi yangu siku hiyo iwe kulinda kitambaa cha kukodi? Bibi yangu ametoka Sengerema alfajiri. Nisimkumbatie?

Swali hilo lilimnyamazisha hata mkodisha mashela, na kwangu mimi ndilo kiini cha jambo lote. Bibi harusi anayeshinda na njaa na kiu ili nguo isilowe amegeuzwa kuwa mlinzi siku ambayo wengine wote ni wageni.

Nirudi kidogo kwenye adabu aliyoitaja shangazi, kwa kuwa alizungumza kana kwamba shela jeupe tulilirithi kwa mababu. Malkia Victoria wa Uingereza alifunga ndoa na Albert tarehe 10 Februari 1840 akiwa amevaa gauni jeupe la satini na lesi. Hakuwa wa kwanza duniani kuolewa akiwa amevaa nyeupe, lakini harusi yake ndiyo iliyoifanya rangi hiyo itamaniwe na wengi, kwanza Ulaya na Marekani, kisha kila mahali kanisa na picha za harusi zilipofika. Ndoa hiyo ilifungwa ndani, katika kanisa dogo la kasri la St James's, London. Bibi harusi aliletwa kwa gari la farasi. Miaka 18 baadaye, tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke alifika karibu na hapa Mwanza, akaliona ziwa na kulipa jina la malkia huyohuyo. Basi jina la ziwa kwenye ramani na rangi ya shela vimetoka kwa mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga ufukwe huu. Nyeupe ilipendwa na matajiri kwa sababu ilikuwa ngumu kuitunza: aliyeivaa alitangaza kwamba hapiti njia ya vumbi, na kwamba nyumbani ana watu wa kumfulia. Tumelichukua gauni la kasri na kulishusha kwenye majabali ya Igogo, kisha tukamwambia msichana kuwa likichafuka ni utovu wake wa adabu. Pwani, bibi harusi alikuwa na kanga ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, nguo ya pamba inayofulika. Wazee waliochagua hivyo walijua nchi wanayoishi.

SHANGAZI: Kwa hiyo unataka mwanangu aolewe na kanga?

Hapana, shangazi. Binti anataka shela jeupe, na apewe. Ninachotaka ni kwamba anayeleta nyeupe nje akubali kwamba nje ina matope, na ajiandae. Dobi atueleze tunajiandaa dhidi ya nini.

DOBI: Nimewasikiliza wote, na kila mtu anasema doa kana kwamba yote ni ya aina moja. Lipo doa la kulichekea na lipo la kulililia. Tope ni la kuchekea, mradi mwache kiherehere. Linapodondoka, mpambe anakimbia na kitambaa kilicholowa, anasugua, na hapo ndipo analipeleka ndani ya uzi. Liache likauke. Lipukutishe kwa mkono, kisha kwa brashi laini, ndipo baadaye uje kwa maji na sabuni. Mchanga wa mlimani Igogo, ule ambao Wasukuma wanauita luseni, umetokana na majabali haya, una rangi hafifu na unapukutika wenyewe. Kinachonitesa ni udongo mweusi wa mfinyanzi na uchafu wa mferejini. Ule unashika.

Mafuta ni kesi nyingine. Ndafu inakatwa mbele ya maharusi, bibi harusi analishwa, tone linaanguka. Mashela mengi ya kukodi ni ya poliesta, na poliesta haipendi maji ila mafuta inayapenda mno. Maji matupu hayatakusaidia. Mwagia poda ya mtoto au chaki nyeupe iliyosagwa, iache inyonye, ikung'ute. Nyumbani ndipo uweke tone la sabuni ya vyombo. Na hivyo hivyo kwa vipodozi vya uso, ambavyo ndivyo vinavyonipa kazi kuliko hata matope. Shela linaletwa hapa na bega zima limekuwa kahawia kwa nyuso za kina mama waliomkumbatia. Hakuna aliyeona, kwa kuwa wote walikuwa wanatazama pindo.

BIBI HARUSI: Kwa hiyo nisikumbatie kweli?

DOBI: Kumbatia, mwanangu. Mtandio mweupe mwepesi begani wakati wa kupokea pongezi unatosha, kisha mpambe anautoa. Mimi sijamkataza mtu kukumbatiwa. Nyasi sasa: ile kijani haiondoki kwa maji, inaondoka kwa spiriti kwenye pamba, taratibu, baada ya kujaribu kwanza sehemu iliyofichika. Damu, labda kidole kimechomwa na pini: maji baridi, daima baridi, maana ya moto yanaigandisha. Soda nyekundu: gandamiza kwa kitambaa kikavu cheupe, usisugue. Na tafadhali, jiki iacheni jikoni. Inakula hariri, inageuza nailoni kuwa njano, na kile kitambaa chembamba kinachovutika pale mikononi kinakatika. Nimeletewa mashela mengi yaliyouawa na jiki kuliko yaliyouawa na matope.

MKODISHA MASHELA: Hilo la jiki ni kweli kabisa.

DOBI: Bado sijamaliza. Doa baya kuliko yote ni lile lisiloonekana. Shampeni, ile isiyo na kilevi, au soda nyeupe, inamwagika wakati wa kugonganisha glasi, inakauka, hakuna alama. Mnalikunja shela, mnalifungia kwenye mfuko wa plastiki, mnaweka juu ya kabati. Sukari inabaki ndani ya uzi, na kwa miezi, au kwa joto la pasi siku moja tu, inakuwa kahawia. Kwa hiyo shela lifuliwe lote mapema, hata kama macho yanasema ni safi, na lihifadhiwe ndani ya shuka la pamba, si plastiki.

Nimemwacha dobi aseme sana kwa makusudi. Kati ya madoa yote aliyoyataja, niambie ni lipi bibi harusi alijitafutia peke yake. Tope ni la uwanja, kipodozi ni cha mashangazi, tone la ndafu ni la aliyemlisha na shampeni ni ya aliyegonganisha glasi kwa nguvu. Nyasi ni za mpiga picha, na huyo sasa nampa nafasi ajitetee.

MPIGA PICHA: Najua mnavyonitazama. Lakini watu hawanilipi niwapige picha chini ya turubai la bluu. Wanataka majabali, wanataka ziwa nyuma yao na jua likizama, mkia wa shela umetandazwa juu ya jiwe. Nami nawapa. Ninachoweza kukubali ni mpangilio. Wengi tunaanza na picha za ufukweni mchana, kati ya kanisa na sherehe, na bibi harusi anaingia kwenye sherehe tayari amelowa. Vizuri zaidi tupige kwanza zile za kusimama pakavu, na zile za maji na mawe tuzifanye mwisho kabisa, au siku nyingine. Akitaka kukaa juu ya jabali, natandika shuka au nailoni inayong'aa chini ya sketi yake, ndogo kuliko sketi, na kwenye picha haionekani. Mkia unabebwa na wapambe hadi mahali pa kupigia, unatandazwa mara moja, unanyanyuliwa. Hauburutwi. Kinachochafua mkia ni kuburutwa.

BIBI HARUSI: Mbona siku ile hukutandika chochote?

MPIGA PICHA: Hakuna aliyeniagiza, dada. Niliambiwa nilete kamera.

Kauli hiyo, hakuna aliyeniagiza, ndiyo inayozunguka kwenye harusi zetu. Kila mmoja anafanya alichoagizwa, na shela halikuagiziwa mtu. Kabla sijamwita mwenyekiti wa kamati aeleze agizo lilipaswa kutoka wapi, yupo mtu ambaye kamati hazimuiti kabisa, ingawa anaujua ufukwe kuliko wote. Ni mvuvi wa dagaa, kutoka mwaloni.

MVUVI: Mnafunga harusi ufukweni bila kuuliza mwezi. Sisi tunavua dagaa usiku wa giza, kwa taa, kwa sababu dagaa wanafuata mwanga. Usiku huohuo wa giza, mwezi unapoandama, ndipo wale wadudu wadogo wa ziwani wanapopanda kutoka majini kwa wingi. Ukiwa mbali unaona kama moshi umesimama juu ya maji. Hawaumi mtu. Lakini wanafuata taa, na hakuna taa kali ufukweni usiku kama taa ya meza kuu. Wanamwagika juu ya keki, juu ya chakula, juu ya hiyo neti yenu. Bibi harusi anapangusa kwa mkono, wanapondeka, na kila mmoja anaacha alama yake. Wasipanguswe. Shela litikiswe tu, au waachwe wakauke wapukutike. Na kama harusi ni ya usiku, fungeni mwezi ukiwa mpevu. Sisi siku hizo tunapumzika, tutakuja kucheza pia.

Upepo nao mnaupuuza. Mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu. Jua likishazama, taratibu unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Mnaweka jiko la nyama choma nyuma ya wageni upande wa mlimani, mchana moshi unawaacha, mnafurahi. Saa mbili usiku moshi wote na majivu vinarudi juu ya meza kuu. Liwekeni ubavuni, si mbele wala nyuma.

Nimeyapenda maneno ya mvuvi kwa sababu hayagharimu hata shilingi. Kalenda ya mwezi unaweza kuitazama kwenye simu. Nami naongeza la majira. Mwanza ina mvua za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Juni hadi Septemba ni kavu, tope hakuna, lakini vumbi lipo, na vumbi linataka uwanja unyunyiziwe maji jioni ya kuamkia harusi na tena alfajiri, si saa moja kabla wageni hawajaingia, maana hapo unatengeneza tope kwa mikono yako. Ziwa lenyewe pia halikai pale ulipoliacha. Mwaka 2020, na tena 2024, maji yalipanda kupita kiasi na kufunika sehemu za fukwe ambazo watu walizizoea kuwa kavu. Kamati iliyokagua uwanja Januari na kufunga harusi Mei haijakagua.

MWENYEKITI WA KAMATI: Sasa mnanisogelea mimi. Sawa. Niseme ukweli wa vikao vyetu. Kikao cha kwanza tunaweka makisio: ukumbi au uwanja, chakula, vinywaji, mapambo, mshehereshaji, muziki, matarumbeta, keki, picha, usafiri, kadi. Michango ikisuasua tunaanza kukata. Hatukati vinywaji, kwa sababu wachangiaji watanuna. Tunakata mapambo, na ndani ya mapambo ndimo zulia lilimokuwa. Shela halijawahi kuwa jambo la kamati. Tunasema ni la familia ya bibi harusi, wanajua wenyewe. Hakuna kifungu.

SHANGAZI: Ndiyo nilichosema, ni la familia!

MWENYEKITI WA KAMATI: Lakini shangazi, uwanja tulichagua sisi. Binti alitaka ukumbi. Sisi tuliona ufukweni ni nafuu kwa idadi ya wageni.

Hapo mjadala ungeweza kuishia. Aliyechagua nyasi na mchanga siye aliyeachiwa dhamana. Kamati ilipata nafuu ya bei kwa kuhamia nje, na gharama ya nafuu hiyo ikaishia kwenye pindo la nguo ambayo msichana mmoja alisaini peke yake. Huo si uungwana. Kama harusi ni ya watu wote wakati wa kuchanga na kucheza, ni ya watu wote pia Jumatatu asubuhi, shela linaporudishwa.

MKODISHA MASHELA: Maneno mazuri, lakini kamati huvunjwa siku ya kikao cha mwisho na nyama ya kupongezana. Mimi nitamdai nani? Nikiondoa dhamana, nitabaki na mashela ya rangi ya ziwa.

Ana haki ya kuuliza. Simwambii aondoe dhamana. Namwambia aigawe. Pindo litachafuka harusi ikiwa nje. Hilo analijua siku anayokabidhi shela, kwa hiyo ufuaji wa pindo uingie kwenye bei ya kukodi, iwe juu kidogo kwa harusi ya nje, na iandikwe wazi. Dhamana ibaki kwa kuchanika, kuungua na doa ambalo dobi ameshindwa. Na mkataba usainiwe na watu wawili, bibi harusi na mweka hazina wa kamati. Mtu akisaini kitu, atauliza uwanja ukoje.

MKODISHA MASHELA: Na mimi nifanye nini upande wangu?

BIBI HARUSI: Mama, nipimie nikiwa nimevaa viatu nitakavyovaa siku hiyo. Uliniambia shela refu linapendeza, ukanipimia nikiwa na viatu virefu, na nilipovaa viatu vifupi kwa sababu ya mchanga, pindo likawa linafagia.

Jambo dogo, lakini pengine ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Kwa harusi ya nje pindo liinuliwe vidole viwili kutoka ardhini, likipimwa na viatu vyenyewe, tena viwe na kisigino kipana kisichozama mchangani. Mkia ushonewe vifungo na vitanzi kwa ndani, ili baada ya kutoka kanisani upandishwe na kufungwa nyuma ya kiuno, mikono ya wapambe ipumzike. Fundi wa cherehani yeyote pale Igogo anaweza kuvishona. Kwa upande wa choo, akina dada wa saluni wana mbinu ambayo inastahili kusambaa: mfuko mkubwa safi uliokatwa kitako, bibi harusi anauvaa miguuni na kuupandisha hadi kiunoni, gagulo na sketi vyote vinaingia ndani ya mfuko. Binti anaweza kunywa maji siku ya harusi yake.

Kuna wazo jingine ambalo nalisema nikijua litapingwa. Kanda ya Ziwa ndiyo inayolima sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania, na Mwanza yenyewe ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, Mwatex. Kwa nini bibi harusi wa Mwanza anayeolewa nje avae poliesta iliyosafiri baharini, inayomchemsha juani na kunyonya mafuta ya ndafu? Shela la pamba nzito, nyeupe, lililoshonwa na fundi wa hapa kwa mwili wake, linafulika kwa sabuni ya mche na kuanikwa juani. Halitang'aa kama satini. Litakuwa lake, na halina wa kumdai.

SHANGAZI: Watu watasema ameolewa na shuka.

BIBI HARUSI: Watasema saa moja, shangazi. Kisha watakula.

Hawakukubaliana, na sitawalazimisha. Shangazi bado anaamini katika utulivu, nami nauheshimu, hasa kwa kuwa ndani ya kauli yake mlikuwa na dawa iliyo nzuri kuliko zulia lolote la kukodi: zile kanga zinazotandikwa njiani. Fikiria ngazi za mlima wa Igogo asubuhi ya harusi, kila nyumba inatoa kanga moja, kuanzia mlangoni kwa bibi harusi hadi barabara ya Kenyatta. Kila mwenye kanga anaikunja bibi harusi akishapita, anaikimbiza mbele, anaitandika tena. Haitoki kwenye bajeti na haihitaji mshehereshaji. Kinachohitajika ni shangazi mmoja kupita jana yake nyumba kwa nyumba. Nikimwona shangazi huyo, sitabishana naye tena kuhusu kwaito.

Hukumu yangu basi ni hii. Doa la pindo ni la aliyechagua uwanja, yaani kamati. La begani na kifuani ni letu sote tulioalikwa. La uzembe wa kweli, sigara iliyounguza au kisu kilichochana, ni la aliyefanya. Bibi harusi adaiwe jambo moja tu: kurudisha shela mapema, bila kulificha na bila kulimwagia jiki.

Na wewe unayesoma haya ukiwa na kikao cha kamati Jumapili hii: kabla hamjafika kwenye vinywaji, omba mwenyekiti aandike kifungu kipya kwenye makisio, njia na uwanja wa bibi harusi. Ndani yake wekeni kitu cha kutandika kutoka mlangoni kwao hadi meza kuu, gharama ya dobi, na mpambe mmoja mwenye mkoba wa poda, chaki nyeupe, maji baridi, kitambaa cheupe, sindano na uzi. Kisha fungueni kalenda mtazame mwezi. Fedha zikipungua, punguzeni kreti za soda, njia msiiguse.